Mkwaruzo kama Ushahidi: Suala la Uasilia katika Santuri za Omutibo na Matoleo Yake Mapya

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa juu juu ni la wakusanyaji wa santuri, lakini ambalo kwa undani wake ni la kihakiki na la kimaadili. Swali lenyewe ni hili: wimbo uliorekodiwa zamani unapochapishwa upya, baada ya sauti yake kusafishwa, je, kinachosikika ni kazi ile ile au ni kazi nyingine? Na iwapo ni nyingine, mchapishaji anawajibika kwa nani?

Mfano utakaozingatiwa ni muziki wa gita uitwao omutibo, ulioshamiri magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1950 na 1960. Asili yake ni nchi ya Waluhya wa kusini, yaani Kakamega na Vihiga za leo. Hata hivyo, nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo zilivuka mipaka ya lahaja na kusikilizwa hadi Bungoma na Kitale. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilipigwa majumbani na vilabuni mpaka mifereji yake ikalika. Zilichakaa kwa sababu zilipendwa. Santuri isiyopendwa haichakai. Ukweli huu mdogo ndio msingi wa hoja nzima inayofuata.

Aina tatu za kelele

Kabla ya kuutazama mfano wa Kenya, inafaa kutaja kisa kimoja cha Uingereza kinachoweka wazi tatizo lenyewe. Kundi la The Who lilirekodi albamu ya Live at Leeds mbele ya hadhira katika bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970. Santuri ya kwanza ilikuwa na nyimbo 6 tu. Kanda ilikuwa na milio ya kukatikakatika, na badala ya kuificha, watengenezaji waliandika kwenye lebo ya santuri agizo kwamba milio hiyo isirekebishwe. Mwaka 1995 toleo jipya lilitolewa likiwa na nyimbo 14, na milio ile ikaondolewa kwa msaada wa kompyuta. Tangu hapo wapenzi wa albamu hiyo wamegawanyika. Wapo wanaolisifu toleo la pili kwa ukamilifu wake, na wapo wanaoshikilia kwamba lililopotea ni zaidi ya kasoro.

Kisa hiki kinadhihirisha kwamba neno “kelele” halina maana moja. Kuna kelele ya utendaji: pumzi ya mwimbaji, kiti kinachosogezwa, kicheko cha hadhira. Kuna kelele ya unasaji, itokanayo na waya, mashine na kanda. Kisha kuna kelele ya matumizi, iletwayo na sindano, vumbi na mikono ya wasikilizaji kwa miaka mingi. Ya kwanza ni sehemu ya kazi bila shaka. Ya pili ni ya mpakani, na agizo la mwaka 1970 linaonyesha kwamba msanii anaweza kuivuta ndani ya kazi. Ya tatu huonekana kuwa nje kabisa. Tatizo ni kwamba katika mfereji wa santuri aina zote tatu zimelala pamoja, na chombo cha kusafishia hakijui ipi ni ipi.

Chupa na chujio

Katika omutibo tatizo hili si la kinadharia. Mtindo huu ulijengwa juu ya upigaji wa gita kwa vidole, huku kidole gumba kikishika besi na kidole cha shahada kikichora sauti ya juu, na mwendo wake ukifuata midundo ya ngoma ya sukuti. Pembeni mwa gita mlikuwa na ala isiyonunuliwa katika duka la muziki: chupa ya soda, hasa ile ya Fanta iliyokuwa na mistari ya mbonyeo mwilini, ikikwaruzwa na kugongwa kwa kipande cha chuma. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kijana, hutajwa miongoni mwa waasisi wa mtindo huu. Kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore, lenye Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, liliuendeleza na kuifanya chupa kuwa alama yake.

Sasa, mkwaruzo wa chupa na mkwaruzo wa sindano hukutana katika eneo moja la sauti. Yote miwili ni milio mikali, ya masafa ya juu, isiyo na noti maalumu. Fundi anayetumia chujio ili kupunguza mchakato wa santuri kuukuu hupunguza pia makali ya chupa. Akizidisha, gita hubaki likiwa safi na la peke yake, kana kwamba mpigaji aliketi katika chumba kitupu. Msikilizaji mgeni atasifu utulivu huo. Atakuwa anakisifu kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, kwa maana omutibo haukuwa muziki wa utulivu. Ulikuwa muziki wa kuchezwa, na chupa ndiyo iliyowainua watu.

Hapa pana somo pana zaidi kwa mhakiki. Usafishaji hauwezi kuwa tendo la kiufundi tu, kwa kuwa hakuna awezaye kuondoa kelele bila kwanza kuamua kelele ni nini. Na uamuzi huo ni tafsiri. Fundi asiyejua kwamba chupa ni ala ataihesabu kuwa uchafu. Kasi nayo ni tafsiri: sahani ikizunguka kwa haraka kidogo kuliko ilivyokusudiwa, sauti ya mwimbaji hupanda na umri wake hupungua masikioni.

Santuri kama mswada

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi mnamo 1840, yalidumu katika vichwa na vinywa vya watu mpaka yalipokusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na W.E. Taylor. Yakahaririwa na William Hichens mwaka 1940, kisha yakachunguzwa upya na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Kila hatua ilihitaji mtu wa kuamua neno lipi ni la Muyaka na lipi ni la mnakili. Hakuna anayedai kwamba mhariri ameshika kalamu ya Muyaka. Kinachodaiwa ni kwamba aeleze alichokikuta na alichokibadilisha.

Toleo jipya la santuri linastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya rekodi za zamani za Abana ba Nasery katika albamu moja, na mwaka 1992 ikatoa nyingine yenye rekodi mpya, ambamo wanamuziki wa Ulaya waliwaunga mkono. Mwaka 2017 kampuni za Olvido na Mississippi za Marekani zilitoa mkusanyo wa nyimbo za Mukabi kwa jina la Furaha Wenye Gita. Haya ni matendo ya aina tofauti. Rekodi mpya ya mwaka 1992 haikujidai kuwa ya zamani. Ni utendaji mwingine, na uhalali wake haumtegemei mhariri. Mkusanyo wa rekodi za zamani, kwa upande mwingine, hudai kumleta fanani mwenyewe. Dai hilo ndilo linalozaa wajibu.

Tena, pale ambapo kanda za awali zimepotea, mchapishaji hulazimika kunakili kutoka katika santuri iliyotumika. Hivyo “asili” ya toleo jipya huwa ni nakala moja kati ya nyingi, iliyopita katika mikono ya msikilizaji fulani asiyejulikana, ambaye mapenzi yake yameandikwa kwenye mifereji pamoja na sauti ya mwimbaji. Mwanafilolojia angeiita nakala hiyo shahidi, na shahidi hafutwi jina.

Pingamizi kutoka fasihi simulizi

Yawezekana kupinga kwamba hoja hii yote imejengwa juu ya dhana ngeni ya uasilia. Albert Lord, katika utafiti wake wa mwaka 1960 kuhusu watambaji wa tendi, alionyesha kwamba katika fasihi simulizi kila utendaji ni asilia, na kwamba kuitafuta matini ya kwanza ni kuutafuta mwanzo wa mto katikati ya bahari. Kwa mujibu wa mtazamo huo, santuri ya 1960 na ile ya 2017 ni matukio mawili tu ya sauti, na hakuna yenye haki juu ya nyenzake.

Bungoma ina mifano inayoonekana kuunga mkono pingamizi hilo, lakini ikichunguzwa huligeuza. Miongoni mwa Wabukusu, tohara hufanyika mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili. Alfajiri ya siku yenyewe, mtahiriwa hupakwa tope mtoni na kurudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye. Wimbo huo hauna nakala ya kwanza, wala hakuna anayeuliza nani aliutunga. Hata hivyo hauimbwi ovyo. Una saa yake na njia yake. Nje ya hapo, kuuimba ni kosa. Vivyo hivyo khuswala kumuse, hotuba ya maombolezo ambayo omuswaali huitoa baada ya maziko ya mzee anayestahili, akitembea huku na huko mbele ya waliokaa kimya. Maneno hubadilika kutoka msiba hadi msiba. Kisichobadilika ni kwamba ana ruhusa ya kuyasema, na kwamba walio mbele yake ndio wanaohusika.

Kwa hiyo, kukosekana kwa matini ya kwanza hakuondoi wajibu. Kunauhamisha tu. Katika mapokeo haya uhalali hautokani na ukongwe wa chombo, bali na uhusiano kati ya fanani, hadhira na tukio. Walter Benjamin, akiandika katika miaka ya 1930, aliona kwamba kurudufisha kazi kunaing'oa katika mahali na wakati wake. Mwanakijiji wa Bungoma angekubali, ila angeongeza swali ambalo Benjamin hakulipa uzito: ikishang'olewa, imepelekwa wapi, na kwa ruhusa ya nani?

Deni na wadai wake

Kwa mtazamo huu, mchapishaji ana wadai watatu.

Wa kwanza ni fanani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliponaswa. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za Mukabi zilitoka katika ulinzi mwisho wa mwaka 2013. Anayezichapisha leo hafungwi na kifungu hicho. Lakini mwisho wa haki ya kisheria si mwisho wa deni, kwa sababu deni hili halikuzaliwa na sheria. Lilizaliwa na tendo la kulitumia jina la marehemu ili kuuza sauti yake. Mtu aliyeitwa ashuhudie hawezi kuachwa bila heshima kwa kuwa tu muda wa kumlipa umepita.

Wa pili ni hadhira ya kwanza. Hapa panahitajika tahadhari. Wapo wasikilizaji wa mbali wanaopenda mchakato wa santuri kwa sababu unawapa ladha ya Afrika ya kale. Hadhira ya Bungoma haikuupenda mchakato, iliuvumilia. Aliyenunua sindano mpya kwa fedha za mahindi alitaka sauti safi kama mtu yeyote. Kuuhifadhi mkwaruzo kwa ajili ya utamu wake ni kuugeuza ufukara wa mtu kuwa pambo la mwingine. Kwa hiyo makala haya hayadai kwamba kelele ya matumizi ni takatifu. Yanadai tu kwamba ni ushahidi, na ushahidi hauharibiwi kabla ya kusomwa.

Wa tatu ni hadhira ijayo, na hasa ile ya nyumbani. Santuri kubwa inayouzwa ng'ambo kwa bei isiyofikika Webuye au Kimilili imeokoa wimbo kwa namna moja na kuuhamisha kwa namna nyingine. Mjukuu wa aliyeichakaza santuri ya kwanza kwa mapenzi anaweza kujikuta akiomba ruhusa ya kusikia kilichotoka nyumbani kwao.

Hitimisho

Imebainishwa kwamba toleo jipya si kazi ile ile, wala si uongo, ni hariri. Kwa kuwa ni hariri, maadili yake ni ya mhariri: kutaja nakala iliyotumika, kueleza kilichoondolewa, kuihifadhi sauti isiyochujwa pamoja na iliyochujwa, na kuzirudisha zote mbili mahali zilikotoka. Masharti haya si mazito. Yanaonekana mazito kwa sababu muziki wa gita wa mashambani haukuhesabiwa kuwa matini inayostahili kazi ya namna hiyo.

Swali la mwanzo, kuhusu ipi kati ya santuri mbili ni ya kweli, limekosewa jinsi lilivyoulizwa. Ile kuukuu inasema ukweli kuhusu waliosikiliza. Ile mpya inaweza kusema ukweli kuhusu aliyeimba, mradi aliyeisafisha ajue kuitofautisha chupa na vumbi. Na ujuzi huo hauko ndani ya mashine. Uko kwa watu walioicheza ngoma yenyewe, ambao baadhi yao bado wanaweza kuulizwa.