Mali ya Wakfu na Kodi ya Serikali

Ama baad. Mwezi wa Julai mwaka 2025 Marekani ilipitisha sheria ya kuzidisha kodi juu ya mali zilizowekwa kwa ajili ya vyuo vikuu vyake vya kitajiri. Kodi hiyo ilianzishwa mwaka 2017, nayo ilikuwa asilimia 1.4 ya pato la mali hizo. Sasa chuo chenye mali nyingi mno kwa kila mwanafunzi chaweza kutozwa hata asilimia 8. Chuo cha Harvard peke yake mwaka 2024 kilikuwa na akiba ipitayo dola bilioni 50. Huenda ndugu yetu wa Likoni au Kisauni akasema: hayo yatuhusu nini sisi, ambao madrasa zetu zaomba hata mikeka? Yatuhusu, kwani mali hizo zafanana na wakfu wetu: asili huzuiwa, na tunda lake hutolewa.

Wanavyuoni hawakuliacha jambo hili. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, mazao ya wakfu wa jumla, kama wa msikiti au wa mafukara, hayatolewi zaka, kwa kuwa hayana mwenyewe maalumu. Lakini waliowekewa wakfu kwa nafsi zao, wakivuna kiasi cha nisabu, yawapasa zaka. Basi kwa fahamu yetu msamaha haukutolewa kwa heshima ya jina la wakfu. Umetolewa kwa kuwa tunda lake ni la watu.

Hapa ndipo tunapoachana na wasemao kwamba wakfu usiguswe kwa lolote. Twawauliza: nyumba ya wakfu mjini ikipangishwa jamaa ya msimamizi kwa kodi ya zamani za mababu, naye akaipangisha tena kwa bei ya soko, na huku mtoto wa Changamwe amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, jee, tunda limekwenda wapi? Wakfu huo umekwisha kutozwa, tena kodi nzito kuliko ya Marekani, ila mtozaji hakuvaa sare ya serikali. Sayyidna Umar alipoliweka wakfu shamba lake la Khaybar alimruhusu msimamizi ale kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali.

Walakini hatusemi serikali ifunguliwe mlango. Huko Misri, mwaka 1809, Muhammad Ali alianza kwa kuzitoza kodi ardhi za wakfu. Haikupita miaka mingi akazitwaa nyingi katika hizo. Na hapa Kenya, sheria ya Makamishna wa Wakfu iliwekwa na wakoloni mwaka 1900, ikatungwa nyengine mwaka 1951. Mkono wa dola katika jambo hili si mgeni kwetu.

Rai yetu ni hii: tunda lifikalo kwa mwanafunzi lisitozwe hata senti moja, na lisilomfikia tusiliombee msamaha. Na njia ya kujua lipi limefika ni hesabu. Kila wakfu wa elimu usomewe hesabu yake mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, japo mara moja kwa mwaka: pato ni kiasi gani, matengenezo yamekula ngapi, watoto wangapi wamelipiwa. Tunajua wako watakaokasirika kuulizwa. Hao ndio waanze kuulizwa. Sisi tumekwisha kumwomba msimamizi wa msikiti tusomeapo darsa zetu, naye ameridhia kuibandika hesabu yake mlangoni Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Mosi.