Turudi Shuleni kwa Wapuritani

Fungueni Yeremia sura ya 6, mstari wa 16. Mungu anawasimamisha watu wake njiani, anawaagiza waulizie mapito waliyopita wazee wao, waitambue iliyo njema na kuishika, na anawaahidi kwamba humo nafsi zao zitapata raha. Ahadi kubwa namna hiyo, na jibu lao ni fupi: hatuendi. Hawakusema kwamba njia hawaijui. Walikataa tu.

Nasi tunajibu nini? Mikutano tunayo tele. Vipaza sauti vinalia tangu Ijumaa hadi Jumapili usiku, mabango ya manabii yamejaa kila kona ya mji, mafuta ya upako yanauzwa kwa chupa kubwa na ndogo. Ni mara ngapi tumeambiwa tumgeukie jirani tumwambie kwamba huu ni mwaka wake wa upenyo? Jirani naye akatuambia hivyohivyo, na mwaka ukaisha. Tukirudi nyumbani, hasira ni ileile, tamaa ni ileile, na yule mama aliyefiwa na mtoto bado amekaa na swali lake peke yake. Watu wa Mungu, tuna kelele nyingi na chakula kidogo! Ndiyo maana leo nawaita mrudi shuleni, kwa walimu waliolala zaidi ya miaka 300 iliyopita: Wapuritani wa Uingereza.

Hao walikuwa wachungaji na waumini wa karne ya 16 na ya 17 walioona kwamba Matengenezo ya Kanisa nchini mwao yameishia nusu ya njia. Walitaka Neno la Mungu litawale ibada, na pia meza ya chakula, duka, kitanda cha ugonjwa na siri za moyo. Wakubwa wa nchi hawakuwapenda. Kufikia tarehe 24 Agosti 1662, siku ya Mtakatifu Bartholomayo, wachungaji wapatao 2,000 walikuwa wamepoteza makanisa yao, wengi wao kwa sababu dhamiri iliwakataza kutamka hadharani kwamba wanakubali kila kilichomo katika Kitabu cha Sala. Waliacha mishahara na nyumba, wakatoka na wake na watoto. Mwaka 1665 ikaja sheria nyingine ya kuwakataza kusogea ndani ya maili 5 za mahali walipohudumu.

Mmoja wao, John Flavel, alikuwa mchungaji wa mabaharia wa Dartmouth. Aliponyang'anywa mimbari alihubiri majumbani na msituni. Inasimuliwa kwamba alihubiri hata juu ya mwamba katika ghuba ya Kingsbridge, mwamba ambao huonekana maji yakipwa tu. Watu walikuja kwa mashua, wakasimama juu ya jiwe lililolowa, wakasikiliza mpaka maji yalipoanza kujaa. Sisi tunaahirisha ibada kwa sababu jenereta imekosa mafuta.

Sasa nisikilizeni niwaonyeshe kitabu kimoja kilivyotembea. Richard Sibbes, mhubiri wa London, alichapisha mwaka 1630 mahubiri yake juu ya Isaya 42:3, habari za mwanzi uliopondeka ambao Mtumishi wa Bwana hauvunji. Siku moja mchuuzi maskini, machinga wa siku zile, alipiga hodi katika nyumba moja ya kijijini huko Shropshire akiwa na vitabu vichache vya kuuza. Baba mwenye nyumba akanunua hicho cha Sibbes. Mwanawe, Richard Baxter, kijana wa miaka kama 15, akakisoma, na ndani yake akauona upendo wa Mungu na kazi ya Kristo kwa uwazi kuliko alivyowahi kuona. Kijana huyo akawa mchungaji na mwandishi. Miaka mingi baada ya Baxter kufa, Philip Doddridge, aliyevipenda mno vitabu vyake, alitoa mwaka 1745 kitabu juu ya kuanza na kukua kwa dini moyoni. Kitabu hicho kikamfikia mbunge kijana aliyekuwa safarini Ulaya, William Wilberforce, akageuka, na maisha yake yakawa vita dhidi ya biashara ya utumwa mpaka Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku mwaka 1807. Na Wilberforce na rafiki zake ndio waliosimama nyuma ya CMS, chama cha misheni kilichoanzishwa mwaka 1799. Nani alimtuma Ludwig Krapf akashuka Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa bara, na mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili? CMS.

Sisemi kwamba mchuuzi yule ndiye aliyetuletea Injili. Mungu ana njia nyingi, na pwani yetu ilifikiwa na wengi. Lakini nani awezaye kusema kwamba vitabu vya Wapuritani ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu? Vilishatufikia kabla hatujazaliwa. Na jina la mchuuzi hatulijui hata leo.

Kilichomo ndani ya kitabu hicho ndicho kinachonifanya nipaze sauti. Sibbes anamchukua mtu aliyepondeka, ambaye imani yake inatoa moshi kuliko moto, anamwambia atazame jinsi Kristo alivyowashika watu wa namna yake. Hakumfukuza aliyekiri kutoamini kwake huku akilia. Hakumkataa Petro. Sibbes anafundisha kwamba cheche ndogo ya neema ni ya Mungu sawasawa na mwali mkubwa, na kwamba Yeye aliyeiwasha hataiacha izimike. Mama mmoja mgonjwa anapoambiwa hadharani kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo, mwanzi unavunjwa mbele ya macho yetu na sisi tunaitikia amina. Tubuni, enyi mnaosema hivyo! Kristo hakuwatuma.

Msidhani, hata hivyo, kwamba upole wa watu hawa ulikuwa wa kubembeleza dhambi. John Owen alisimama Oxford mbele ya wanafunzi, wengi wao vijana wadogo, akawafundisha Warumi 8:13, na mwaka 1656 mafundisho hayo yakatoka kitabu juu ya kuifisha dhambi. Humo utakuta daktari anayechunguza kabla ya kuandika dawa. Owen anajua kwamba mtu anaweza kuacha dhambi moja akahamia nyingine na kujiona ameshinda. Ameacha pombe, sasa ni mlevi wa fedha. Ameacha uzinzi, sasa nyumbani ni mkali kiasi kwamba watoto wanajificha wakisikia mlango. Owen anasema hiyo dhambi imehama chumba tu, mzizi uko palepale. Dhambi haifi kwa nadhiri wala kwa kuona aibu. Roho Mtakatifu ndiye anayeiua, anapomleta mtu msalabani kila siku akautazame uovu wake pale ulipogharimu damu. Nani anatufundisha hivi leo? Tunakemea roho ya hasira dakika tano, tunatangaza imetoka, na Jumatatu tunamtukana kondakta.

Mtu huyu Owen hakuandika akiwa kwenye kivuli. Mungu alimpa watoto 11. Kumi walikufa wadogo, na binti mmoja aliyekua naye alitangulia mbele ya baba yake. Anapoandika juu ya kuutazama utukufu wa Kristo kwa imani, hajakisia.

Najua yapo maneno yanayosemwa juu yao. Wengine watasema walikuwa watu wa nyuso zilizokunjamana. Hilo nalipita; aliyemsoma Sibbes hatalirudia. Liko shtaka zito zaidi, na sitalifunika. Wale waliohamia Marekani na kujenga Massachusetts waliandika sheria ya mwaka 1641 iliyoacha nafasi ya utumwa. Boston iliwanyonga Wakweka kwa sababu ya imani yao. Salem, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa madai ya uchawi. Sisi wa pwani na bara, ambao babu zetu walitembezwa kwa minyororo, hatuwezi kulisoma hilo kwa moyo mwepesi, na wala hatutakiwi. Waliikosea ileile Biblia waliyoipenda.

Lakini tazameni jambo hili. Mmoja wa mahakimu wa Salem aliitwa Samuel Sewall. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya kufunga, alisimama katikati ya kusanyiko la kanisa lake Boston, mtu mzima mwenye cheo, na mchungaji akasoma karatasi yake ya kukiri: kwamba hatia ya kesi zile anaibeba yeye, na aibu yake ni yake, na anaomba Mungu na watu wamsamehe. Alibaki amesimama hadi neno la mwisho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1700, hakimu huyohuyo alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa, akitumia habari za Yusufu aliyeuzwa na nduguze. Na Baxter kule Uingereza alikuwa ameshaandika mwaka 1673 kwamba wanaokwenda kuwakamata Waafrika ni miongoni mwa wezi wabaya kabisa na ni adui wa wanadamu. Mafundisho yaliyowafanya watu hao wajichunguze usiku na mchana ndiyo yaliyowarudi. Kwetu Sukumani na Kilifi bado wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na wako wanaotuhumu Jumamosi na kuimba kwaya Jumapili. Ni mkubwa gani umemwona akisimama mbele ya kanisa zima karatasi yake ikisomwa?

Basi tufanye nini? Kwanza, tusome. Kitabu cha Mpuritani huliwa kama muwa: kipande kimoja kimoja, unatafuna mpaka utamu uishe, huna haraka ya kumaliza. Baxter, alipokuwa mgonjwa mbali na nyumbani na akidhani anakufa, alianza kuandika juu ya pumziko la milele la watakatifu, kikachapishwa mwaka 1650. Humo anatuagiza tutenge muda kila siku tuketi na kuihubiria nafsi yetu wenyewe mambo ya mbinguni: kuihoji, kuikemea, kuibembeleza, mpaka moyo upate moto. Simu iwe chumba kingine. Mtaona jinsi moyo unavyopinga mwanzoni.

Anayesoma Kiswahili tu asikate tamaa. *Safari ya Msafiri* ya John Bunyan tunayo kwa lugha yetu. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria, hakuwa na digrii. Alifungwa Bedford karibu miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Angeahidi kunyamaza, angetoka. Alikuwa na binti kipofu, Mary, aliyemuumiza moyo kuliko wote, na gerezani alitengeneza kamba za viatu ili watoto wale. Mkewe Elizabeth alikwenda mbele ya majaji mwaka 1661 kumwombea, walipomuuliza kama mumewe ataacha kuhubiri, akawajibu kwamba hawezi kuacha maadamu ana ulimi. Kitabu kilichapishwa mwaka 1678. Wazazi, wasomeeni watoto baada ya chakula cha jioni, kurasa chache, mjibu maswali yao. Nanyi mliopewa elimu ya lugha, vitabu vingi vya watu hawa bado vinangoja Kiswahili. Tafsirini Sibbes! Kwa nini mama wa Kigoma asimsome?

Na sasa neno kwa wachungaji wenzangu. Baxter alipewa Kidderminster, mji wa wafumaji. Alipofika, anasema, ilikuwa kama nyumba moja katika mtaa iliyomwita Mungu. Alihubiri, lakini aligundua kwamba wako waliomsikiliza miaka mingi na bado hawakujua Kristo ni nani. Akaanza kazi ya familia kwa familia. Parokia ilikuwa na familia kama 800. Jumatatu na Jumanne, tangu asubuhi hadi jioni, yeye na msaidizi wake walikaa na kila familia saa nzima, wakiwafundisha katekisimu na kumuuliza kila mmoja kwa upole hali ya roho yake. Aligawa vitabu bure. Wafumaji waliviweka mbele yao wakasoma huku wakifuma. Ilibidi kanisa liongezwe roshani 5 ili watu waenee, na alipoondoka ilikuwapo mitaa ambayo karibu kila nyumba ilimwabudu Mungu. Hakuuza kitambaa wala chupa ya mafuta.

Ndugu mchungaji, washirika wako wangapi hujawahi kuketi nao saa moja ukawauliza habari za roho zao? Jumatatu inakuja. Chagua nyumba ya kwanza, ile unayoikwepa, chukua Biblia yako, ukabishe hodi.