Nani Mwenye Nyumba?

Masomo: Luka 16:1-13, Walawi 25:23



Mama mmoja mjane wa Lubumbashi alikuja kutuona kisha sala ya asubuhi. Alishika karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na alikuwa na neno moja tu: «Baba, mlaani mtu huyu.»

Mume wake alimwachia nyumba. Alipokwenda kukaa na mtoto wake Kolwezi, safari ya karibu kilomita 300, alitia sahihi prokirasio na kukabidhi nyumba kwa ajansi. Ajansi itafute lokateri, ipokee feza, ikate kumi kwa mia, imtumie zinazobaki. Feza ya nyumba ilikuwa dola 120 kwa mwezi. Ajansi ilimwambia lokateri ametoa garanti ya miezi 3, ikamtumia dola 360. Kisha ikamwambia watu wamehama, nyumba iko wazi. Miezi 4 hakupata kitu.

Siku moja akapanda basi bila kuwaambia. Akakuta nguo zimeanikwa katika parseli, watoto wanacheza. Watu hawakuwa wamehama hata siku moja. Walimwonyesha karatasi za malipo, mwezi kwa mwezi, na karatasi ya garanti: miezi 6, dola 720. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi 3, lakini mtu anayetafuta pa kulaza watoto, ni nani atamwambia komisioneri kwamba anavunja sheria?

Basi mama alitaka mambo mawili: laana juu ya mwenye ajansi, na polisi wa kutoa lokateri nje. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua inanyesha kila siku.

Nilimwuliza: «Mama, hao watu walikuambia nini tena?» Akanyamaza kidogo. Kisha akasema walimwonyesha paa. Linavuja juu ya kitanda cha watoto. Cho kimejaa. Walipeleka malalamiko kwa ajansi mara nyingi, ajansi ikajibu kwamba mwenye nyumba amekataa. Yeye hakuulizwa hata mara moja. Lakini pia yeye mwenyewe hakuuliza.

Wandugu, tukisoma Luka 16 tunamtazama sana yule wakili mjanja. Mimi pia nimehubiri hivyo miaka mingi. Tazameni tajiri: habari za mali yake kupotea aliletewa na watu wengine. Siku hiyo ndipo alidai hesabu. Wale wenye madeni ya mafuta na ngano walikuwa wanajua tu sura ya wakili. Nani kati yao alijua sura ya bwana?

Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Wewe mwenye sertifika uko na haki ya kutumia, udongo wenyewe haukuwa wako. Mungu alikuwa amewaambia Waisraeli neno kama hilo katika Walawi: udongo ni wake, wao ni wageni kwake. Basi mama huyu, anayelia kwa sababu ya wakili wake, naye amewekwa kuwa wakili. Na chini ya paa lake watoto wanalala katika maji.

Sikulaani. Wizi ni wizi, dola 840 za mjane hatuzifuniki kwa maombi, na kesi ipelekwe mbele ya sheria. Lakini kulaani ni rahisi, na hakuzibi paa.

Alikasirika, akaondoka bila kuaga. Kisha juma mbili akarudi, akaomba wazee wawili wamsindikize. Walikaa na lokateri katika parseli, kisha wakaenda wote pamoja kwenye ofisi ya habita ya komini. Mama alitia sahihi kwamba anakubali garanti ni miezi 6, hata ile miezi 3 ambayo hakuona kwa macho yake. Iliumiza sana, mkono ulitetemeka. Alifuta ile prokirasio. Mtoto wake wa Kolwezi alitoa feza ya mabati.

Ajansi haijarudisha kitu mpaka leo. Kesi iko katika tribinali. Wale wa sala ya alfajiri, mkumbukeni mama huyu, pamoja na jamaa inayokaa katika nyumba yake.