Mpaka Uje

Kihispania kina kitenzi kidogo cha kila siku, "venir", yaani kuja. Msemaji akitaka kuarifu tu kwamba mtu fulani anakuja, husema "viene". Lakini kuja huko kukiwa bado ni matakwa au shaka, "viene" hugeuka kuwa "venga". Wanasarufi huiita sura hiyo ya kitenzi hali tegemezi.

Sisi tusemao Kiswahili hatuna sababu ya kuishangaa. Nikijisemea nafsi yangu husema "nataka kuja", lakini nikimtaka mwingine husema "nataka uje". Mhispania naye hutenganisha vivyo hivyo: "quiero venir", "quiero que vengas". Tunapoachana naye ni kwingine. Sisi husema "sidhani kama atakuja", na "atakapokuja nitamweleza", kana kwamba safari yake imekwisha kuandikwa. Mhispania hasemi hivyo. Baada ya "no creo que", na baada ya "cuando" ikiwa jambo lenyewe halijatokea, sharti aseme "venga". Sarufi yenyewe humkumbusha kwamba kesho haijafika.

Hapo ndipo linapozuka swali. Je, kuacha nafasi ya shaka katika maneno yetu ni unyenyekevu, au ni njia ya kukwepa wajibu?

Wahispania wana neno jingine, "ojalá", ambalo hufuatwa na hali tegemezi: "ojalá venga", Mungu ajalie aje. Walilirithi kutoka katika Kiarabu, zama Waislamu walipotawala sehemu za nchi yao, kuanzia mwaka 711 hadi 1492, nalo limebeba kupenda kwa Mungu kama inshallah yetu. Na sote tunamjua fundi anayesema "inshallah kesho" huku moyoni amekwisha kuamua kutokuja. Kwake yeye neno la unyenyekevu limekuwa pazia. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni halilipwi kwa dua peke yake. Mkweli husema inshallah akiwa amekwisha kufunga virago.

Kwa hiyo kosa si la neno, bali ni la mahali linapowekwa. Kwa miaka mingi chuoni niliwafundisha walimu wanafunzi kuandika maandalio ya somo. Lengo mahsusi huandikwa hivi: hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani. Ni "aweze", si "ataweza". Wapo walimu wanaolisoma neno hilo kama hukumu: mtoto asipoweza, mzembe ni yeye. Kumbe "aweze" ni tumaini letu juu ya mtu mwingine, mwenye akili yake, njaa yake na mashaka yake ya nyumbani. Hatuwezi kuelewa kwa niaba yake. Lililo letu ni kuandaa somo, kufika kwa wakati, na kueleza tena pale aliposhindwa. Hayo hayahitaji "huenda".

Iko sentensi moja ya Kihispania inayoyaweka mambo haya mawili mahali pake: "te esperaré hasta que vengas". Kwa lugha yetu: nitakungoja mpaka uje. Kungoja ni kwangu, kwa hiyo nakutamka bila shaka. Kuja ni kwako, kwa hiyo nakuachia mwenyewe. Tena "esperar" kwa Kihispania ni kungoja, na pia ni kutumaini.

Mzazi mwenye mtoto aliyepotea njia, na mwalimu mwenye mwanafunzi mzito, hawana njia nyingine iliyo ya haki. Anayepindua mpangilio huo, akasema "utakuja" kwa amri na "huenda nikangoja" kwa upande wake, anadai lisilo lake na kulikimbia lililo lake. Ndugu msomaji, hilo si kosa la sarufi tu.