Nyumba za wakfu zinaliwa na saruji



Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tuzungumze juu ya mawe. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa hapa hapa kisiwani, yakashikanishwa kwa chokaa iliyotokana na kuchoma mawe ya aina hiyo hiyo. Sakafu zikabebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana ulifuata urefu wa boriti. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi.

Jiwe hili lina matundu. Ukuta hunywa unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Siku hizi anakuja fundi, anabandua chokaa na kupiga lipu ya saruji, kwani inakauka haraka na inapendeza macho. Kumbe saruji inaufungia unyevu ndani. Chumvi inajikusanya, chokaa iliyoshika mawe inageuka vumbi, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Nje unaona nyumba mpya!

Mtu atauliza, Mwalimu, dini inaingiaje hapa? Ni kweli, jiwe halitukuzwi. Sayyidna Umar (R.A) alipolibusu Jiwe Jeusi aliweka wazi kwamba lenyewe halina uwezo wowote. Lakini nyumba nyingi za mji huu ni wakfu. Muislamu aliitoa nyumba yake kwa ajili ya msikiti au mafakiri, akitaraji ile sadaka yenye kuendelea ambayo Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa haikatiki kwa mauti. Yeye ameshatimiza lake. Aliyebaki na amana mkononi ni nani?

Wanazuoni wa fiqhi wamesema pato la wakfu lianze kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wanaostahiki wapewe. Sisi tumegeuza: tunagawana kwanza, ukuta tunauachia Mungu. Na wapangaji nao (wengi wao ni jamaa zetu) wanataka kodi ya zamani na paa lisilovuja kwa wakati mmoja.

Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, na watu wawili wakafariki. Hilo ni jumba maarufu, ndani ya mji ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba ya wakfu ya uchochoroni itasemewa na nani?

Basi Ijumaa hii, kabla hatujachangishana vigae na mazulia mapya, tuwaulize wasimamizi wetu: nyumba za wakfu za msikiti huu ni zipi, milizamu yake imezibuliwa lini, na fundi anazipiga lipu ya nini?