Kitabu cha Mcheza Karata

Siku hizi vijana wetu hucheza kwa fedha bila kutoka nyumbani. Hapa mjini Lubumbashi, simu moja yatosha: mpira, bahati nasibu, hata poka, yaani mchezo wa karata ambao kila mtu huficha zake na kuwekeana fedha na wenziwe. Tena kuna vitabu vya kumfundisha mchezaji kutawala moyo wake na kutunza mtaji wake. Mkristo akitaka kununua kimoja, achague kipi?

Wengine watajibu upesi: atupe simu. Sisi hatujibu hivyo, maana Kanisa lenyewe halijibu hivyo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2413, yasema kwamba michezo ya namna hii kwa asili yake si kinyume cha haki. Huwa mibaya inapomnyima mtu yale yanayohitajiwa naye na watu wake. Tena yaonya kwamba tamaa ya mchezo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi swali letu la kitabu ni swali la haki.

Tuanze na moyo. Mwaka 2011 Jared Tendler, pamoja na Barry Carter, alitoa kitabu kiitwacho The Mental Game of Poker. Aeleza hali ambayo wachezaji huiita tilti: mtu akiisha kushindwa, akili yaondoka, abaki kucheza kwa ghadhabu. Naye aipambanua ghadhabu hiyo: kuna ya kisasi, kuna ya mtu anayejiona ameonewa, kuna ya aliyekata tamaa. Ni kazi nzuri. Mtu akijifunza kuituliza hasira yake mchezoni, huenda na mkewe akapata nafuu.

Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akieleza fadhila ya busara, asema kwamba kuna busara ya uongo: mwizi anayepanga vema njia za wizi wake huitwa mwizi hodari, wala uhodari huo haumfanyi kuwa mtu mwema. Kujitawala ni chombo. Lazima tuulize chombo hicho chafanya kazi gani.

Na hapa ndipo penye uzito. Vitabu vya poka hufundisha kuchagua meza: keti na walio dhaifu kuliko wewe, ondoka penye hodari. Kwa hesabu, shauri hili ni sahihi kabisa. Mama auzaye unga sokoni naye hutafuta mnunuzi, lakini mnunuzi hurudi nyumbani na unga. Aliyeshindwa katika poka hurudi na nini? Kama ni mtu mzima, na fedha ni zake, na alicheza kwa hiari, amelipia burudani yake. Lakini Mtakatifu Tomaso, akiandika juu ya sadaka, ataja faida za mchezo zinazopaswa kurudishwa: zilizotoka kwa wasio na ruhusa ya kutoa mali, kama watoto na wenye wazimu, zilizotoka kwa mtu uliyemvuta mchezoni kwa tamaa ya kumla, na zilizopatikana kwa udanganyifu. Sasa fikirini simu. Huyo dhaifu uliyemtafuta, je, ni mtu mzima? Au ni mtoto aliyechukua simu ya babaye? Humwoni. Kitabu chakufundisha kumtambua kwa makosa yake, wala hakikufundishi ni nani.

Tuje kwenye mtaji. Mwaka 1657 Christiaan Huygens alichapa swali ambalo Pascal alikuwa amempelekea Fermat, juu ya wachezaji wawili wanaocheza mpaka mmoja aishiwe. Hesabu yake yatufaa hata leo. Hata mchezo ukiwa wa haki kabisa, mwenye franga 10.000 akishindana hivyo na mwenye 990.000, atazitwaa zote mara moja tu katika mia. Mwaka 1956 John Kelly, wa maabara za Bell, aliandika kanuni ya kiasi cha kuweka. Katika mchezo wa kulipana sawa kwa sawa, anayeshinda mara 55 katika 100 aweke sehemu ya kumi ya mtaji wake. Anayeshinda mara 50 aweke sifuri. Tena mwenye meza hukata fungu lake. Watu sita wenye ustadi sawa wakileta franga 20.000 kila mmoja, naye akakata 500 kila mchezo, baada ya michezo 60 amekwisha kuchukua 30.000 katika zile 120.000.

Na mtaji ni nini? Kitabu cha kweli hujibu: ni fedha zilizotengwa, ambazo zikipotea hakuna nyumbani atakayelia. Fedha za unga wa bukari si mtaji. Minerval ya mtoto si mtaji. Fedha za likelemba ni za wenzako wanaongoja zamu yao. Ukiziondoa hizo, nyumba ngapi za huku kwetu zabaki na kitu cha kutenga?

Basi kitabu kinachoahidi mshahara wa kila mwezi kiachwe dukani. Afadhali kile chenye hesabu, kinachomdai msomaji aandike kila alichoweka, alichopata na alichokatwa. Nasi twashauri daftari linunuliwe kabla ya kitabu, likaandikwe kwa miezi mitatu, na mke alisome pia.