Kondoo Hubaki na Mlima

Mwisho wa bonde la Wasdale, kaskazini-magharibi mwa England, barabara inakoma. Hapo ndipo kilipo kitongoji cha Wasdale Head: nyumba chache za wafugaji, hoteli ya wapanda milima, na kanisa dogo sana la Mtakatifu Olaf lililozungukwa na miti. Karibu yake kuna Wastwater, ziwa lenye kina kirefu kuliko yote ya England, kama mita 79, na mlima Scafell Pike wa mita 978, ambao hakuna unaoupita kwa urefu huko England. Wageni hupiga picha ziwa na mlima, wakaondoka. Mimi naomba, ndugu msomaji, tutazame ukuta na kondoo.

Bonde lote limegawanywa kwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala chokaa. Ukiusogelea ukuta mmoja utaona ni kuta mbili zinazoegemeana, katikati pamejazwa mawe madogo, na hapa na pale jiwe refu limelazwa kukatiza pande zote mbili ili zisiachane. Mahali pengine ukuta ni mnene kupita haja yoyote ya kuzuia mnyama. Ardhi ya bonde ilijaa mawe, na aliyetaka majani yaote ilimbidi ayaondoe moja moja kwa mikono, kisha ayaweke mahali. Ukuta ukanenepa. Waliobeba mawe hayo hawajulikani majina, lakini anayelisha mifugo pale leo anatembea juu ya jasho lao.

Juu ya kuta za mwisho hakuna uzio. Mlima ni malisho ya pamoja, na makundi ya wafugaji mbalimbali yanalisha humo. Hata hivyo kila kundi hukaa upande wake. Kondoo wa huko ni Herdwick, aina ngumu inayostahimili mvua na theluji, ambayo mwanakondoo wake huzaliwa mweusi na kugeuka wa kijivu kadiri anavyokua. Mwanakondoo hupanda mlimani na mama yake, akajifunza mipaka ya malisho yao, majani yanachipua wapi mapema, na wajikinge wapi upepo unapochafuka. Naye akizaa, humfundisha wake. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwenye mlima ule ulimwengu hufunza kwa ukali, na somo la kwanza laweza kuwa la mwisho.

Kondoo anayepotea ana njia ya kurudishwa. Masikio yake yamekatwa alama ya shamba lake, na alama hizo ziliandikwa katika kitabu cha wachungaji kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1817, ili yeyote amwonaye kondoo wa mwenzake ajue amrudishe wapi. Napenda sana utaratibu huu. Unamtaka mtu awe mwaminifu mahali ambapo hakuna anayemwona.

Lakini busara kubwa kuliko zote naiona kwenye mkataba wa shamba. Katika mashamba mengi ya milima hiyo, mpangaji anapoingia hukabidhiwa ardhi pamoja na kundi, na anapoondoka huliacha kundi palepale. Kondoo hao akiwapeleka kwingine atakuwa na nyama na manyoya tu, kwani wanachokijua kinahusu mlima mmoja. Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyegeuka mfugaji wa Herdwick, alilielewa jambo hili. Alipofariki mwaka 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 za eneo hilo mikononi mwa shirika la National Trust, na alitaka mashamba yake ya milimani yaendelee kufuga Herdwick.

Wapo wanaosema kondoo wamekula miche mpaka milima ikabaki bila miti. Hoja yao ni ya kweli, na kupunguza idadi ya kondoo mahali pengine ni haki. Lakini kupunguza si sawa na kuondoa. Miti iliyokatwa hupandwa tena kwa mbegu. Kundi likiisha, ujuzi wake unapandwa kwa mbegu gani?

Swali hilo lilikuja kwa kishindo mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza. Zaidi ya mifugo milioni 6 iliuawa, na Cumbria, mkoa ilipo Wasdale Head, uliumia kuliko mingine. Wataalamu walikimbilia kukusanya mbegu za madume wa aina adimu na kuzigandisha, na walifanya vema. Damu ya Herdwick ingeweza kuhifadhiwa kwenye chupa. Njia za mlimani hazikuwa na chupa. Wafugaji walioleta kondoo wapya kwenye milima iliyobaki mitupu iliwabidi wafanye wenyewe kazi ya mama kondoo: kupanda na mbwa, kuwarudisha waliovuka mpaka, kesho kupanda tena, na kuendelea hivyo hadi majike yalipozaa mlimani na kuanza kufundisha watoto wao.